Tathmini ya semina ya wasafiri, Kampala: ilivyoniandaa kuishi Ames, Iowa

Semina ninayoitathmini hapa hufanyika Jumamosi tatu mfululizo katika ukumbi wa kukodi ulioko Wandegeya, mwendo wa dakika chache kutoka lango kuu la Makerere, na inawalenga wanafunzi na familia zinazojiandaa kwenda kuishi katika miji midogo ya eneo la kati-magharibi mwa Marekani. Nilihudhuria zote tatu kabla ya kwenda Ames, katika jimbo la Iowa, kusomea shahada ya uzamili ya sayansi ya mifugo. Nimeishi huko miaka miwili, na sasa nimerudi Kampala nikiwa na uwezo wa kulinganisha nilichoambiwa ukumbini na nilichokikuta. Ofisi yenyewe siitaji jina, kwa kuwa nina madai nayo ambayo hayajaisha na sipendi tathmini hii igeuke hati ya mashtaka. Ada ilikuwa shilingi 350,000, na aliyetaka kutafutiwa nyumba aliongeza 200,000. Mimi niliongeza, na nitaeleza kwa nini nilijuta.

Nianze na jambo linalostahili sifa, nalo ni lugha. Semina iliendeshwa kwa Kiswahili, jambo ambalo katika Kampala bado si la kawaida, hata baada ya serikali kukubali lugha hii rasmi. Ukumbini tulikuwa watu wa Busia kama mimi, watu wa Arua, familia mbili za Wakongo zilizotoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale zikiwa zinasubiri safari, na kijana mmoja wa Sudan Kusini. Kiganda kingewaacha nje nusu yetu, na Kiingereza kingewaacha nje wazee, ambao kwa hakika ndio waliokuwa na maswali mazito kuliko sisi wanafunzi tuliojidai kujua.

Jumamosi ya kwanza ilihusu hali ya hewa, na ndiyo iliyokuwa bora. Mwalimu, mama mmoja aliyewahi kuishi Minnesota, hakuanza na makoti. Alianza na ramani. Alituonyesha kwamba Iowa iko katikati ya bara, mbali na bahari yoyote, na kwamba kati yake na nyanda za Kanada hakuna mlima hata mmoja wa kuuzuia upepo, kwa hiyo hewa baridi ya kaskazini huteremka bila kizuizi wakati wa kipupwe, na hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko hupanda vivyo hivyo wakati wa kiangazi. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, penye ziwa kubwa na kimo cha mita zipatazo 1,200, tumezoea joto ambalo Januari na Julai halitofautiani sana, na tunachokiita msimu ni mvua kuja au kutokuja. Huko Ames, mchana wa Januari kwa kawaida haufiki hata nyuzi sifuri za Selsiasi, usiku hushuka hadi kiasi cha nyuzi 12 chini ya sifuri, na mchana wa Julai hukaribia nyuzi 30. Alitutajia pia ile wiki ya mwisho wa Januari 2019, ambapo Moline, mji wa Illinois ulioko ng'ambo tu ya mto Mississippi ukitokea Iowa, ulipimwa nyuzi 36 chini ya sifuri, na vyuo vikafunga madarasa.

Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alikuwa amenunua barafu kwa wauza samaki wa Ggaba, akaileta katika ndoo iliyofunikwa gunia, akatupa glavu za sufi, jozi moja kavu na jozi nyingine iliyolowa, akatutaka kila mmoja ashike kipande kwa kila mkono na kukaa kimya hadi atakaposhindwa. Mkono wenye glavu iliyolowa ulishindwa kwanza, kwa kila mtu, bila kubagua mwanamume wala mwanamke. Somo likawa limeeleweka: huko baridi yenyewe huvumilika, ila ukiwa na soksi iliyolowa theluji ukasimama kituoni kusubiri basi, umekwisha. Miezi mitano baadaye, nikiwa kituoni nikitikisa theluji kwenye buti kabla haijayeyuka na kuingia ndani, nilimshukuru mama yule kwa sauti, na msichana aliyesimama kando yangu akasogea pembeni kidogo.

Lakini hata somo hili zuri lilikuwa na mapengo, na pengo la kwanza lilinipata mapema. Vipimo vyote vya semina vilikuwa vya Selsiasi, na hakuna aliyetuambia kwamba Wamarekani hupima kwa Farenhaiti, ambayo maji huganda kwenye 32 na si kwenye sifuri. Mwezi wa Novemba, asubuhi moja, nilitazama ubao wa taa ulioko mbele ya benki karibu na nilipokuwa nikiishi, nikaona 20, nikafurahi kwamba leo kumetulia kama jioni ya Kabale, nikatoka na sweta na leso ya kichwani. Ile 20 ilikuwa karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Nilifika darasani nikiwa siwezi kushika kalamu.

Pengo la pili ni kiangazi, ambacho semina ilikipita kana kwamba hakipo. Mtu anayeambiwa habari za barafu mfululizo kwa saa tatu hawezi kuamini kwamba mwezi wa Julai atatafuta kivuli, na kwamba joto la huko lina unyevu unaofanana na wa Mombasa, ilhali bahari haipo. Sehemu ya unyevu huo hutoka mashambani, kwani ekari moja ya mahindi yaliyokomaa majani inaweza kutoa hewani zaidi ya lita 11,000 za maji kwa siku, na Ames imezungukwa na mahindi na soya pande zote hadi macho yanapoishia.

Wala hatukuambiwa lolote kuhusu tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama faneli. Katika majira ya kuchipua, hasa Aprili hadi Juni, hewa zile mbili za kaskazini na kusini zinapokutana juu ya nyanda, dhoruba hujengeka jioni kwa kasi ya ajabu, na ving'ora vya mji hulia. Mara ya kwanza vilipolia nilidhani kuna moto jirani, nikafungua dirisha kuchungulia. Jirani yangu, mwanafunzi wa uhandisi mwenye asili ya mji huohuo, ndiye aliyenigongea mlango na kunipeleka chumba cha kufulia kilicho chini ya ardhi, ambapo tulikaa juu ya mashine za kufulia kwa nusu saa, watu tisa na paka wawili, yeye akila bisi kana kwamba yuko sinema. Wenyeji wanakumbuka zaidi tarehe 10 Agosti 2020, siku ilipopita dhoruba ya upepo mnyoofu waiitayo derecho, iliyolikatisha jimbo zima kutoka magharibi hadi mashariki, ikalaza mahindi na kuacha watu gizani kwa siku nyingi. Semina ya maandalizi isiyomwambia mgeni kwamba king'ora kikilia ashuke chini na akae mbali na dirisha ina kasoro ambayo siwezi kuiita ndogo.

Niongeze jambo la saa, ambalo ni sisi Waswahili tu tungeweza kulilalamikia. Saa yetu huhesabiwa kutoka macheo, na hapa Uganda hilo halimpi mtu taabu, kwa kuwa jua halichelewi wala halitangulii kwa kiasi cha kuudhi. Ames, mwisho wa Desemba, saa moja asubuhi bado ni usiku mtupu, jua hutoka saa moja na nusu ikiwa imeshapita, na huzama kabla saa kumi na moja haijafika. Mwezi wa Juni, saa mbili na nusu usiku watoto bado wanaendesha baiskeli barabarani. Juu ya hayo, saa zenyewe husogezwa mbele mwezi wa Machi na kurudishwa nyuma mwezi wa Novemba, hata tofauti yao na Kampala huwa saa nane kwa miezi kadhaa na saa tisa kwa miezi mingine. Mama yangu wa Busia hakulikubali hilo hadi leo. Kila Novemba alinipigia simu wakati nimelala, na nilipomweleza alinijibu kwamba jua la Mungu halisogezwi na serikali.

Kuhusu makoti nitakuwa mfupi. Mwisho wa Jumamosi ya kwanza walitandika meza na kutuuzia makoti ya baridi kwa shilingi 280,000 kila moja. Wiki iliyofuata nilikwenda soko la Owino, kwenye mivumba, yaani mitumba, nikapata koti zito zaidi kwa 60,000, likiwa na jina la timu ya shule ya sekondari ya Wisconsin limeshonwa mgongoni. Koti lile lilirudi kwao salama na likafanya kazi misimu miwili. Nunua Owino, ila kagua zipu kabla ya kulipa.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya watu na makazi, na hapa ndipo semina ilipoyumba. Mwalimu alikuwa mwingine, kijana mkakamavu aliyeishi New Jersey, na alitupa takwimu sahihi kwa namna iliyotudanganya. Alisema Ames, kwa sensa ya 2020, ina watu 66,427. Ni kweli. Akasema kwa hiyo ni mji mdogo mtulivu, kama mji wowote wa wilaya hapa kwetu. Hiyo si kweli, na sababu mbili zinaifanya isiwe kweli.

Ya kwanza ni uwazi unaouzunguka mji. Iowa ina ukubwa wa kilomita za mraba 145,000 na ushei, na watu milioni 3.2 tu. Uganda ina kilomita za mraba 241,000, na sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Yaani kwetu, ukigawa sawasawa, kilomita moja ya mraba ina watu kiasi cha 190, na kwao ni 22. Mtu wa Busia anapotoka mjini hukutana na mji mwingine kabla hajaumaliza ule alioutoka: duka, boda boda, muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), watoto wa shule. Ukitoka Ames, nyumba hukoma kana kwamba zimekatwa kwa kisu, na baada ya hapo ni shamba, maghala ya nafaka, barabara iliyonyooka, na mabanda marefu yasiyo na madirisha ambayo mimi, kwa kazi yangu, nilijua ni ya nguruwe. Jimbo hilo lina nguruwe wapatao milioni 23, karibu saba kwa kila mkazi, na unaweza kusafiri mchana kutwa usimwone hata mmoja. Wala mahindi yale si ya kuliwa na mtu. Sehemu kubwa ni ya kulisha mifugo na kutengenezea ethanoli. Mzee mmoja Mkongo aliyehudhuria semina pamoja nami aliuliza kama atapata unga wa ugali, mwalimu akacheka, akamwambia anakwenda kwenye ghala la mahindi la dunia. Kwa kweli unga mweupe wa posho niliupata Des Moines, kilomita 50 hivi kusini, katika duka la bidhaa za Afrika. Ames nilipata unga wa njano uliosagwa chengachenga, ambao hata ukiusonga saa nzima haushikani.

Sababu ya pili ndiyo kubwa. Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, ambacho Waganda wa Kamuli wanakifahamu kwa mradi wake wa kilimo na lishe huko kwao, kina wanafunzi wapatao 30,000. Kwa hiyo mji ule ni miji miwili iliyowekwa katika sahani moja, mji wa wenyeji na mji wa wanafunzi, na huo wa pili huhama. Mwezi wa Mei, wiki moja baada ya mitihani, mtaa niliokaa ulibaki na mimi, Mchina mmoja wa ghorofa ya juu na sungura. Mabasi ya mji, CyRide, ambayo mwanafunzi hupanda kwa kuonyesha kitambulisho tu, yalipunguzwa, na safari niliyozoea kusubiri dakika kumi ikanitaka nitazame ratiba kama abiria wa treni. Migahawa ilifupisha saa zake. Kisha Agosti watu wakarudi wote kwa wiki moja, na Jumamosi za mpira wa Kimarekani wakaongezeka wageni, maana uwanja wa Jack Trice una viti 61,500, karibu sawa na wakazi wote wa mji. Siku kama hiyo huwezi kununua hata mkate bila foleni. Kumpa msafiri takwimu moja ya idadi ya watu wa mji kama huo ni sawa na kumwambia mvuvi kina cha ziwa bila kumweleza mawimbi.

Na hapa ndipo malalamiko yangu kuhusu nyumba yanapoingia, kwa sababu ofisi iliyojua idadi ya watu bila kujua mwendo wao ndiyo iliyonikodishia fleti. Katika mji wa wanafunzi, mikataba mingi ya pango huenda pamoja na kalenda ya chuo: huanza tarehe 1 Agosti na kuisha tarehe 31 Julai, miezi kumi na miwili kamili. Ofisi ilinikatia tiketi ya kufika tarehe 29 Julai na kuniambia nyumba iko tayari. Nilifika nikakuta mpangaji wa zamani hajatoka, na msimamizi wa jengo akanionyesha tarehe kwenye mkataba niliotia sahihi mwenyewe bila kuusoma vizuri, kosa ambalo nalikubali. Nilipopiga simu Kampala, bwana aliyechukua fedha zangu aliniambia, "Pole nyabo, lakini kwani Marekani nyumba zimeisha? Lala hoteli siku tatu, utazoea." Hoteli zilikuwa zimejaa wazazi waliokuja kuwahamisha watoto wao.

Niliokolewa na mwanafunzi wa uzamivu kutoka Eldoret, ambaye mke wake alinipokea mlangoni kwa kusema, "Dada, ingiza mizigo kwanza, habari tutaulizana ukishakula." Kutoka dirishani kwao nilitazama tarehe 31 Julai, siku ambayo semina yoyote kuhusu mji ule ingepaswa kuanza nayo. Mchana wapangaji wote hutakiwa kutoka, na wengi hawaruhusiwi kuingia wanakokwenda hadi kesho yake, kwa hiyo mji mzima huwa barabarani na magodoro juu ya magari. Makochi, vitanda, meza, taa na majiko madogo huachwa kando ya njia kwa yeyote anayetaka. Mimi niliokota meza ya kusomea ya mbao ngumu, droo moja imekwama, tukaibeba mitaa minne na mwenyeji wangu tukipumzika kila kona, na shahada yangu yote niliiandikia juu yake.

Hasara ya mwisho ilikuja nilipomaliza. Masomo yaliisha Mei, mkataba ukaisha Julai, na nilidhani nitapata mtu wa kumwachia chumba kwa miezi miwili. Kila anayeondoka Mei humtafuta mtu huyohuyo, wakati uleule ambao watu wa kutafutwa wameshaondoka. Nililipa kodi ya Juni na Julai kwa chumba ambacho ndani yake mlikuwa na meza tu. Nimeiomba ofisi inirudishie zile 200,000, kwa kuwa huduma niliyoilipia ilikuwa ya mtu anayeujua mji, na hadi ninapoandika sijapata zaidi ya ahadi za wiki ijayo.

Jumamosi ya tatu, iliyoitwa ya maisha ya kila siku, ningeweza kuikosa. Walitueleza namna ya kusalimiana, kupeana nafasi kwenye foleni na kutogusa mtoto wa mtu. Hawakutueleza kwamba bei iliyoandikwa rafuni siyo utakayolipa, kwa sababu kodi ya mauzo, asilimia 7 kwa Ames, huongezwa kwenye malipo ya mwisho, jambo lililomfanya mzee wetu Mkongo, aliyepelekwa Des Moines, adhani kwa mwezi mzima kwamba wauzaji wanamwibia. Hawakueleza namna bima ya afya inavyofanya kazi, wala ukavu wa hewa ya ndani nyumba inapopashwa moto miezi mitano, unaopasua midomo na kumtoa mtu damu puani. Mafuta ya mgando niliyodhani nabeba mengi yaliisha Januari. Usafiri wa Jumapili, ambao ndio unaoamua kama utafika kanisani au la, haukutajwa kabisa.

Hukumu yangu ni kwamba Jumamosi ya kwanza inastahili fedha zake, na kama ofisi ingeruhusu mtu kulipia siku moja ningemshauri kila anayekwenda huko alipe hiyo tu. Hairuhusu, nimeuliza. Ya pili inafaa kwa familia zinazopelekwa kwenye miji isiyo ya wanafunzi, ambako idadi ya watu hutulia na mwalimu hatapotosha mtu. Huduma ya nyumba usiichukue. Andikia moja kwa moja ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako, uulize tarehe ya kuanza na kuisha kwa pango kabla ya kukata tiketi ya ndege, na upange kufika tarehe 1 Agosti au baadaye.

Ukijiandikisha, kaa viti vya mbele upande wa kushoto, kwa sababu spika ya nyuma hukatika umeme ukiyumba. Chakula cha mchana hakimo kwenye ada, lakini nyuma ya ukumbi kuna mama anayepika katogo kuanzia saa tano, naye huishiwa saa saba.